Ngao Inamkinga Nani?

Jamani, naomba nafasi nijibu.

Toleo lililopita mwenzetu mmoja alitoa hadithi ambayo kijiweni kwetu imesifiwa wiki mbili mfululizo. Sina ugomvi na mwandishi wake. Tumekaa naye benchi moja, tumekunywa naye kahawa na kashata, na kalamu yake ni kali kuliko yangu. Ila hadithi ile imenikera, na nimeona bora niseme hadharani kuliko kuisema pembeni, maana kusema pembeni ndiyo kazi tunayoijua zaidi sisi tunaojiita waandishi chipukizi.

Kwa wasioisoma: kijana wa Manzese anahangaika, anadharauliwa, anakataliwa na binti kwa sababu ya umaskini. Mara anapata mshiko (hatuambiwi kwa njia gani, na hilo nalo ni jambo) ananunua Land Cruiser ya mtumba iliyotoka Japani. Gari lenyewe halimtoshi. Analipeleka kwa fundi, anafungiwa ngao kubwa ya chuma mbele na taa nne za ziada juu ya ngao. Kuanzia ukurasa ule kijana anakuwa mtu. Anaingia Morogoro Road saa mbili usiku, anawasha taa zote nne, barabara inakuwa mchana, daladala zinampisha, binti anamwona. Mwisho.

Kali, wanasema. Mimi nasema hadithi ile ni ya kutojua, na kutojua kwenyewe kumevaa suti.

Sitaki mnione mjuaji, kwa hiyo niseme nimetokea wapi. Kabla sijaanza kupeleka mashairi kwenye magazeti, nilikuwa kibarua wa kuchomelea Gerezani. Nilianza kwa kushika bomba fundi mkuu akichoma, nikapanda kushika grainda, mwishowe nikakabidhiwa kishikio cha kuchomelea na kioo cheusi chenye ufa. Ngao za magari nimezitengeneza kwa mikono hii. Sikuzihesabu. Nyingi.

Basi kabla ya kuizungumzia fasihi, tuizungumzie ngao yenyewe. Mtu haandiki juu ya samaki bila kujua ana miba.

Ngao ya mbele ya gari haikubuniwa mjini. Nchi iliyoifanya kuwa kitu cha kawaida ni Australia, kwenye mbuga na mashamba makubwa ambako gari linakwenda mamia ya kilomita bila kukutana na nyumba, na jioni kangaruu anakurukia kutoka vichakani. Ukipasua rejeta huko hakuna fundi wa jirani. Unakaa na gari lako, na jua, na maji uliyonayo. Kampuni kama ARB, iliyoanza Melbourne mwaka 1975, zilijijenga kwa kutengeneza ngao za namna hiyo. Huko ngao ina hoja: inalinda rejeta ili mtu arudi kwao. Sina neno nayo.

Kwetu Afrika Mashariki tuliijua kwa mlango mwingine, mlango wa Safari Rally. Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na miaka ile yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipita barabara zenye watu, basi, ng'ombe, matope na vumbi, kwani barabara hazikufungwa. Ndiyo maana gari la Safari lilitofautiana na gari la mashindano mengine yote duniani: ngao mbele, taa juu ya ngao, na taa nyingine zimepachikwa juu pembeni karibu na kioo, zikiwashwa hata mchana ili aliye mbele aone kuna jambo linakuja. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Mwaka 1993 Toyota Celica zilibeba nafasi nne za kwanza, na ukitazama picha zake utaiona ile ngao puani. Sisi watoto tulitengeneza magari ya waya na mabati, na gari ambalo halikuwa na ngao ya waya na vizibo vya soda kuwa taa lilihesabiwa si gari. Kwa hiyo namwelewa mwenzetu. Tamaa ile naijua. Nimelala nayo.

Lakini lile gari la Safari lilikuwa na dereva aliyepita njia ile kwanza na kuiandika kona kwa kona, lilikuwa na mtu pembeni wa kumsomea, na miaka ya baadaye lilikuwa na helikopta juu inayotazama mbele kama kuna ng'ombe. Shujaa wa hadithi yetu anatoka Magomeni anakwenda Kimara. Ng'ombe gani?

Twende kwenye chuma. Ngao ya kweli haifungwi kwenye bampa, inafungwa kwenye chesesi. Unatoa bampa la kiwandani, unakuta pembe mbili za chesesi zimekuja mbele, unaweka mabamba mazito ya kushikia, unafunga kwa bolti ngumu, siyo bolti za dukani za kufungia mageti. Ngao hiyo ya chuma hufika kilo 50 au 60, nyingine zaidi. Kilo hizo zote ziko mbele ya tairi za mbele, kwa hiyo pua ya gari inainama, springi zinachoka, taa za kawaida zinabadili mwelekeo, na gari likifunga breki linazama puani kuliko zamani. Mtu makini anabadilisha springi za mbele pamoja na shokapu. Pia anaangalia hewa ya rejeta isizibwe. Na kama gari lina mifuko ya hewa, mambo yanazidi kuwa magumu, kwani vihisi vya mifuko ile vimepimwa kwa jinsi pua ya gari inavyobonyea inapogonga. Ukiweka chuma kisichobonyea, umeingilia hesabu ya mhandisi. Mfuko unaweza kuchelewa, unaweza kufumuka pasipo sababu. Watengenezaji wa maana wanazijaribu ngao zao kwa kila aina ya gari. Gerezani tulijaribu kwa kuipiga teke.

Nasema ukweli. Sisi tulichukua bomba la inchi mbili au mbili na nusu, mara nyingi bomba la maji, tukaijaza mchanga ili lisikunjike vibaya, tukalipasha moto na kulikunja kwa macho. Mteja alikuja na picha aliyokata kwenye gazeti, au alionyesha gari lililopita: "Nataka kama ya yule mheshimiwa." Tulichomelea, tukapaka rangi nyeusi, au tukapeleka kwa wa kung'arisha kama mteja ana hela. Tulifunga pale palipofungika. Mara nyingine ilikuwa kwenye chesesi, mara nyingine kwenye bampa lenyewe, na hapo ngao haimlindi mtu yeyote wala kitu chochote: ikigongwa inaingia ndani na kuisukuma rejeta kwenye feni. Imekaa kama kitasa kwenye mlango wa karatasi. Mteja hakuwahi kuuliza. Aliuliza kama inang'aa.

Sasa niseme lililonitoa kule.

Siku moja mteja alirudisha Prado tuliyoifungia ngao miezi michache nyuma. Mkono wa kushoto wa ngao ulikuwa umepinda kidogo sana, mtu asiye fundi asingeona. Gari lenyewe halikuwa na mkwaruzo. Taa nzima, kioo kizima, boneti inang'aa. Alitaka anyooshewe na apakiwe rangi upya, haraka, ana safari. Fundi mkuu akamuuliza amegonga nini. Akasema mbuzi, njia ya Bagamoyo. Akatoa hela kabla ya kupatana bei, jambo ambalo sijaliona tena Gerezani.

Nikapewa mimi kuifungua. Ile ngao niliichomelea mwenyewe, na pale kwenye maungio ya kushoto, upande wa chini, nilikuwa sikusaga vizuri siku ile. Umeme ulikatika, mteja ana haraka, nikapaka rangi juu ya madonge. Ukipitisha kidole unakwaruzika. Kwenye yale madonge yangu kulikuwa na nyuzi zimenasa, kama kipande cha upana wa kidole gumba. Nyuzi za sufu, za bluu. Ninyi nyote mmesoma shule za msingi za nchi hii. Mnaijua bluu ninayoisema.

Mbuzi havai sweta.

Nilimwonyesha fundi mkuu. Alitazama, akanitazama, akasema, "Dogo, safisha hapo." Nikasafisha. Nikasaga yale madonge mpaka yakawa laini kama yalivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, nikapaka rangi, jioni gari likaondoka. Namba zake sikuziandika popote. Sikwenda kituoni. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na deni la chumba, lakini hilo nalitaja kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu linatosha.

Huenda mtoto yule aliinuka akakimbia na sweta iliyochanika, akachapwa nyumbani kwa kuichana. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Huenda.

Kwa hiyo mwenzetu anapoandika kuwa ngao ilimfanya kijana kuwa mtu, mimi nasoma kwa macho haya.

Na siyo macho yangu peke yake. Hebu tufikirie kitoto. Pua ya gari la kisasa imeundwa ibonyee. Bampa ni plastiki, nyuma yake kuna povu, boneti ni bati jembamba lenye nafasi chini yake. Anapogongwa mtu, vitu hivyo vinakubali kuharibika kwa niaba yake. Havimwokoi kila mara, lakini vinapunguza. Ngao ya chuma inafuta huruma yote ile. Nguvu ambayo ingetawanyika kwenye eneo pana inakusanyika kwenye bomba la inchi mbili, na bomba hilo, pima mwenyewe ukipenda, kwenye Prado au Land Cruiser linafika kifuani kwa mtoto wa darasa la pili, na ukingo wake wa juu usoni. Tena kumbukeni mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ya kugonga inaongezeka mara nne.

Wazungu waliliona hili wakatunga sheria. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba ngao ya mbele isiuzwe mpaka ipimwe kwa kugongwa na vielelezo vya mguu wa mtu na kichwa cha mtoto. Ngao za bomba gumu hazipiti mtihani huo, ndiyo maana ukiona gari jipya la Ulaya lenye ngao, mara nyingi ni plastiki au bomba jembamba la urembo lililotengenezwa likubali kubonyea. Kabla hamjaniambia habari za kuiga wazungu: India, nchi yenye barabara za msongamano kama zetu na ng'ombe kuliko sisi, mwezi Desemba 2017 wizara yao ya usafiri iliziandikia serikali za majimbo ziwachukulie hatua wanaofunga ngao hizo, kwa sababu ya waenda kwa miguu na pia kwa sababu ya abiria walio ndani ya gari lenyewe.

Najua jibu la kijiweni. Watasema: na Mikumi je? Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakata hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi, na wanyama wanavuka wanapotaka wao. Hoja nzuri, tuijibu. Ukimgonga ngiri au swala, ngao ya kweli iliyofungwa kwenye chesesi itakuokolea rejeta, nakubali. Ukimgonga twiga, ngao inamkata miguu, na mwili wake wote unakuja kukaa na wewe mbele kupitia kiooni. Nyati ni mzito kiasi kwamba bomba letu la Gerezani lingekuwa uzi tu. Dawa ya Mikumi imeandikwa pale pale barabarani, kwenye vibao vya mwendo na kwenye bao la faini linalotaja mnyama mmoja mmoja na bei yake. Na mnyama unatakiwa umwone kabla ya kumgonga, jambo linalonileta kwenye taa.

Hapa nitamshangaza mwenzetu, maana nitazitetea.

Taa za ziada, zile tunazoziita spoti, ni kitu cha akili zikifungwa kwa akili. Taa za kawaida ukizishusha unaona vizuri mita 40 hadi 60 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ubongo ushtuke na mguu ufike kwenye breki sekunde moja imekwisha, halafu kwenye lami kavu na breki nzima unahitaji mita nyingine 35 hivi. Jumlisha: 57. Yaani kwenye mwendo wa 80 umeshafika ukingoni mwa mwanga wako, na kwenye 100 unaendesha gizani, unaendesha kwa imani. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili si la wenye mashangingi tu. Dereva wa njia ndefu aliyefunga spoti mbili nzuri, akazielekeza sawasawa, anaona mwenye baiskeli asiye na taa mapema, na mwenye baiskeli anabaki hai. Huo ndio utu wa taa.

Lakini lazima zifungwe na mtu anayejua, na hapo hadithi ilinichekesha. Mwandishi anasema fundi alipitisha waya kutoka betri hadi swichi ya dashibodi na kutoka swichi hadi taa, kwa saa moja, na kila taa ni wati 100. Basi tupige hesabu ya darasa la saba. Taa nne, wati 400, betri ya volti 12: ampea 33 zinapita kwenye kiswichi cha plastiki. Shujaa wetu angenusa moshi kabla hajafika Magomeni, na binti angemwona kweli, akizima moto kwa mchanga.

Mzigo mzito wa umeme haupiti kwenye swichi, unapita kwenye rilei. Rilei ni kidude kidogo cha bei ya chakula cha mchana, kina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unapokea moto mnene kutoka betri, ukipitia kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri (karibu, siyo karibu na taa, maana fyuzi inalinda waya). Mguu wa 87 unapeleka moto kwenye taa. Ule wa 85 unakwenda ardhini kwenye bodi, na wa 86 unapokea amri. Na sasa sikilizeni vizuri: amri hiyo inatakiwa itoke kwenye waya wa taa kali za gari, na swichi ya dashibodi ikae katikati. Maana yake ni kwamba spoti haziwezi kuwaka mpaka taa kali ziwe zimewaka, na ukizishusha taa kwa ajili ya anayekuja, spoti zinazima zenyewe papo hapo, kwa kidole kile kile. Waya mmoja tu. Fundi umeme aliyenifundisha, mzee mmoja mtaratibu wa Tanga, alikuwa anakataa kazi ya mteja asiyetaka waya ule. Alimwambia, "Mwanangu, hiyo siyo taa, hiyo ni matusi."

Wengi hawautaki. Wanataka swichi huru, wawashe wakati wowote. Na siku hizi kuna zile baa za LED, mkanda mzima wa vitaa vyeupe kupita kiasi, bei yake imeshuka, hazili umeme sana, kila mwenye Noah na kila bodaboda anaweza kuzifunga. Nyingi hazina kioo cha kuelekeza mwanga wala nini, zinamwaga tu. Ukikutana nazo barabara ya njia mbili unabaki unaona maua mekundu kwa sekunde kadhaa. Tuseme sekunde tatu. Kwenye mwendo wa 80 hizo ni mita 66 umekwenda kipofu, na mwenzako aliyekupofusha anakuja upande wa pili akiwa salama nyuma ya ngao yake.

Hivi kwenye ile hadithi, taa nne zilipowaka Manzese saa mbili usiku, barabara ikawa mchana, nani alikuwa mbele ya zile taa? Saa mbili Manzese kuna mama anavuka na ndoo ya dagaa kichwani. Kuna wa mkaa, wa mahindi ya kuchoma, wanafunzi wa jioni, bodaboda na abiria wawili. Mwandishi hakuwaona. Aliwaandika kwa neno moja: umati. Sentensi nzima alimpa rangi ya gari.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali, wenzangu mnisamehe. Hadithi zetu zimejaa mashangingi. Nimepekua matoleo niliyonayo nyumbani: fisadi anashuka kwenye shangingi, pedeshee anashuka kwenye shangingi, na shujaa akifanikiwa naye anashuka kwenye shangingi. Tunamtukana mheshimiwa ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho tumekaa kwenye kiti chake na tumewasha taa zake. Tunasema tunaandika kwa ajili ya mtu wa chini, kumbe tunamwangalia mtu wa chini kupitia kioo cha mbele, juu ya ngao. Ngao ile mjini haina ng'ombe wa kumkinga mtu. Ina sentensi moja tu, nayo ni: pisha. Na mwandishi kijana wa Manzese, aliyepishwa pembeni maisha yake yote, aliyerukia mtaroni mara ngapi sijui, anapopata kalamu anaandika sentensi ile ile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mmoja kijiweni aliniambia sanaa si gereji, mwandishi hahitaji kujua rilei. Sawa, bwana, hahitaji. Lakini angejua kwamba kuna waya mmoja tu unaotenganisha adabu na matusi, na kwamba mtu alikaa chini ya boneti akaamua kuufunga au kuuacha, angekuwa na hadithi bora kuliko ile aliyoiandika. Angekuwa na fundi mwenye njaa, mteja mwenye hela, na mzee wa Tanga anayekataa kazi huku mke wake anasubiri hela ya unga. Kwenye hadithi ile fundi ana mstari mmoja. Hana hata jina.

Wala sisemi ngao zipigwe marufuku kote. Bwana wanyamapori wa Selous, mganga wa zahanati anayepita Katavi masika, mwenye shamba mpakani, wafunge, na wafunge ya kweli, kwenye chesesi, na springi wabadilishe. Anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta, ambaye pori lake kubwa ni maegesho ya supamaketi, aifungue. Ni bolti nne au sita. Spoti azifunge kifuniko akiwa mjini, kama madereva wa zamani walivyofanya, zile kofia nyeupe za plastiki. Zilikuwa na kazi: kulinda kioo na mawe, na kumwambia polisi na jirani kwamba najua hapa siyo mahali pake.

Na mafundi? Hapo sina jibu zuri. Nilirudi Gerezani mwaka jana kumsalimia fundi wangu. Amezeeka, anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwambia habari ya kukataa kuchomelea ngao za mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akanyoosha kidole upande wa pili wa uchochoro, kwa kijana aliyekuwa anakunja bomba. "Nikikataa mimi, mwanangu, atachoma yule. Na yule hajui kusaga." Nilitaka kumkumbusha sweta. Sikumkumbusha, ila nadhani naye alikuwa anaifikiria, kwa sababu alinyamaza, akaniagizia soda, na hakuniuliza tena naandika nini siku hizi.

Ile Prado sijaiona tena, au nimeiona mara mia. Nikiwa kituoni Mwenge nasubiri gari, ikisimama yoyote nyeusi ya aina ile kwenye foleni, nainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, natazama maungio ya kushoto, upande wa chini. Mengi ni laini.